Chakula cha Asubuhi: Kilitoka Wapi?

Watu wengi katika nchi hii huanza siku yao kwa kikombe cha chai na kipande cha mkate, au kwa bakuli la uji, au kwa chapati iliyobaki jana usiku. Hufanya hivyo bila kufikiri, kama mtu avaavyo viatu vyake. Wachache ndio wajiulizao vitu hivyo vilitoka wapi, ni nani aliyevileta, na kwa nini babu zetu hawakuvijua vingi katika hivyo. Anayeuliza atashangaa, maana katika meza moja ya asubuhi, iwe Nyeri, iwe Kisumu, iwe Mombasa, hukutana vitu vya Uchina, vya Bara Hindi, vya Meksiko, vya Bara Arabu na vya Afrika yetu wenyewe. Hata neno lenyewe "meza" tulilipata kwa Wareno.

Tuanze na jina. Sisi tufanyao kazi ya kufasiri maneno ya Kiingereza kwa Kiswahili tumesumbuka sana na jina la chakula hiki. Waingereza hukiita kwa neno ambalo maana yake ni kuvunja mfungo, yaani mtu amelala usiku kucha pasipo kula, na asubuhi huukata mfungo huo. Wahispania nao husema vivyo hivyo. Kwa Kiarabu, neno la chakula cha asubuhi latoka katika shina lile lile lililotupa sisi neno "futari," lakini Waswahili walilitenga neno hilo kwa chakula cha magharibi katika mwezi wa Ramadhani, basi halifai kwa uji wa saa kumi na mbili alfajiri. Wengine husema "kifungua kinywa," wengine "kiamsha kinywa" au "chamshakinywa," na watu wa pwani waliosoma husema "staftahi," neno la Kiarabu lenye maana ya kufungua. Mimi nimechagua kusema "chakula cha asubuhi," kwa kuwa kila mtu huelewa, ajapokuwa hakupita darasani.

Kuna neno jingine la zamani lifaalo kukumbukwa, nalo ni "mwiku." Mwiku ni chakula kilicholala, kilichobaki jana usiku kikaliwa asubuhi, wengine hukiita kiporo. Neno hilo latueleza desturi ya wazee kuliko yale mengine yote, maana zamani nyumba nyingi hazikupika chakula cha namna ya pekee kwa asubuhi. Mkulima aliondoka kwenda shamba kungali na umande, akala kilichobaki, ndizi au kiazi, au akanywa uji, au hakula kitu mpaka jua lilipopanda. Kengele ya shule, saa za kazi za ofisi na king'ora cha karakana ya reli ndivyo vilivyowafanya watu wote wa nyumba wale kwa saa moja kabla ya kutoka mlangoni.

UJI NI MZEE WAO

Kati ya vyakula vyote vya asubuhi, uji ndio mzee. Nao uji wa kwanza haukuwa wa mahindi. Ulikuwa wa wimbi, wa mtama na wa mawele, na nafaka hizo tatu zote ni wenyeji wa Afrika. Mtama ulianza kulimwa katika nchi za Sudan ya mashariki yapata miaka 5,000 iliyopita. Mawele yalitoka upande wa magharibi, katika nchi kavu zilizo kusini ya jangwa la Sahara. Wimbi lilizaliwa karibu nasi zaidi, katika nyanda za juu za Uganda na Ethiopia. Wengi hudhani kwamba kila mbegu njema ilitujia kutoka ng'ambo. Kwa nafaka hizi mambo yalikwenda kinyume: zilivuka bahari zamani sana zikafika Bara Hindi, na hata leo wakulima wa kusini ya India hulima wimbi letu na kulila kila siku kama chakula chao cha asili.

Kazi ya kusaga ilikuwa ya wanawake, nayo ilikuwa nzito. Jiwe kubwa liliwekwa chini, jiwe dogo likashikwa kwa mikono miwili, na mama alipiga magoti akisaga mpaka unga ukawa laini. Unga huo aghalabu uliachwa uchachuke ndani ya chungu au kibuyu kabla ya kupikwa. Wazee hawakujua habari za vijidudu, lakini walijua kwamba uji uliochachuka hauharibiki upesi na haumsumbui mtoto tumboni. Wataalamu waliochunguza jambo hilo baadaye waliwakuta wazee wamesema kweli: uchachu huo huzuia vijidudu vingi vya maradhi, tena huvunja kitu fulani kilichomo katika nafaka ambacho huufunga madini ya chuma usiingie mwilini.

Basi mahindi yaliingia lini? Mahindi ni mtoto wa Meksiko. Watu wa nchi hiyo waliyafuga kutoka katika nyasi ya mwituni yapata miaka 9,000 iliyopita. Christopher Columbus alipofika Amerika mwaka 1492 aliyakuta huko, na baada ya hapo mabaharia wa Ulaya waliyatawanya duniani. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na katika karne mbili zilizofuata Wareno waliyaleta mahindi pwani yetu. Waswahili, kwa kuwa vitu vingi vigeni vilikuja kwa njia ya India, waliyapa jina lenye kutaja India, ingawa nafaka hiyo asili yake si ya huko. Mihogo na viazi vitamu navyo vilitoka Amerika, na leo mama wa Kakamega amchemshiaye mtoto kiazi kitamu asubuhi hukiona ni chakula cha mababu.

Lakini kwa muda mrefu mahindi yalikaa pwani na mahali pachache pa bara, yakiliwa mabichi kwa kuchomwa, si kwa unga. Mambo yaligeuka katika karne ya 20. Vita vya 1914 mpaka 1918 vilipokuja, maelfu ya vijana wa Afrika ya Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Chakula chao kilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi ulio mbaya na usiopikwa vema, na wengi sana walikufa kwa kuhara na maradhi mengine. Waliorudi walirudi wameizoea nafaka hiyo. Mara ikafuata njaa ya 1918 na 1919, pamoja na homa kali ya mafua iliyouzunguka ulimwengu. Watu walikula hata mbegu zao za wimbi na mtama, na mvua iliponyesha, mbegu iliyopatikana madukani ilikuwa ya mahindi.

Tena mahindi yana faida ambayo mama yeyote aliyewahi kuamia ndege ataijua. Punje zake zimefunikwa kwa maganda, ndege hawezi kuzila kwa urahisi. Mtama na wimbi huhitaji mtoto akae shambani tangu alfajiri mpaka jioni akipiga kelele na kurusha mawe. Watoto walipoanza kwenda shule, nani angekaa na ndege? Kwa njia hiyo shule, ambayo sote twaitukuza, ilisaidia kuuondoa uji wa wimbi nyumbani. Sijaona habari hii ikiandikwa sana, lakini waulize wazee wa upande wa Machakos au Siaya watakueleza.

Na kwa nini mahindi yetu ni meupe? Ulimwengu mzima una mahindi ya manjano, mekundu, na hata ya rangi ya zambarau. Masetla wa Kizungu walileta mbegu nyeupe kutoka Afrika ya Kusini, na wanunuzi wa Uingereza waliotengeneza wanga walitoa bei njema kwa mahindi meupe yasiyochanganyika. Basi meupe yakapandwa, meupe yakasagwa, na watu wakazoea unga mweupe hata wakauona ndio unga wa heshima. Ukame wa 1984 ulipoikumba Kenya, serikali iliagiza mahindi ya manjano kutoka nje, na wengi walinung'unika kwamba wamelishwa chakula cha ng'ombe. Hali ile rangi ya manjano ndiyo yenye kitu kiletacho vitamini A, ilindayo macho ya watoto.

Tofauti nyingine kati ya wimbi na mahindi ni kubwa zaidi. Gramu 100 za wimbi zina miligramu kama 340 za chokaa ijengayo mifupa na meno. Unga mweupe wa mahindi uliokobolewa hauna hata sehemu moja ya kumi ya hizo. Mahindi hushiba, hilo halina shaka, na ekari moja ya mahindi hujaza ghala kuliko ekari moja ya wimbi. Lakini mtoto aliyeachishwa ziwa hahitaji kushiba tu.

CHAI, MAZIWA NA SUKARI

Sasa twafika kwenye chai, nayo ina hadithi ndefu. Mchai ni mti wa kusini-magharibi ya Uchina, na wa milima ipakanayo na Burma na Assam. Ukiachwa utakua mrefu kama miti mingine. Wakulima huukata ubaki kimo cha kiuno ili majani mateke yapatikane kwa urahisi. Wachina waliyatumia majani yake kwanza kama dawa, kisha kama kinywaji, na katika karne ya 8 mtu mmoja wao aitwaye Lu Yu aliandika kitabu kizima juu ya chai na namna ya kuitengeneza.

Jina lake lenyewe huonyesha njia iliyopita. Wachina wengi huita majani hayo "cha." Walioyapata kwa njia ya nchi kavu, kwa misafara ya ngamia, walilichukua jina hilo: Waajemi, Warusi, Waturuki, Wahindi, Waarabu, na kwa mkono wao sisi Waswahili. Lakini watu wa pwani ya Fukien husema "te," na kwa kuwa Waholanzi walinunua chai yao kwa watu hao na kuisafirisha kwa meli, basi Waholanzi, Wafaransa na Waingereza wote hutumia jina lililotoka hapo. Mtu wa Mombasa na mtu wa London hunywa kitu kimoja, lakini kila mmoja alikipokea katika mlango wake.

Chai ilianza kuuzwa London katikati ya karne ya 17, nayo ilikuwa ghali mno, kinywaji cha matajiri. Ushuru wake ulipanda hata ukazidi bei ya chai yenyewe, na magendo yakaenea. Mwaka 1784 serikali ya Uingereza ilipunguza ushuru huo kutoka asilimia 119 mpaka asilimia 12 na nusu. Hapo chai ikafika kwa maskini, na mfanyakazi wa kiwandani aliyekuwa akinywa pombe ya shayiri asubuhi akaanza kunywa chai yenye sukari na kula mkate. Chakula tukionacho leo kuwa cha kawaida Nairobi, chai na mkate, kilianza hivyo katika miji ya viwanda ya Uingereza, kwa watu wenye mshahara mdogo na wakati mfupi.

Waingereza walilipa fedha nyingi kwa Wachina, wakatafuta kitu cha kuwauzia. Walichokipata ni kasumba ya Bengal. Wafalme wa Uchina walipoikataza, kukatokea vita vya 1839 mpaka 1842, na Waingereza wakashinda. Wakati huo huo walikwisha kugundua kwamba mchai huota wenyewe katika misitu ya Assam. Mwaka 1823 mtu aitwaye Robert Bruce alionyeshwa na wenyeji wa huko, na mwaka 1839 chai ya kwanza ya Assam iliuzwa London. Kwa ajabu, Wahindi wengi hawakuwa wanywaji wa chai mpaka karne ya 20 ilipoanza. Makampuni yaliwatangazia, na wauzaji wa barabarani wakagundua njia yao wenyewe, yaani kuchemsha majani, maji, maziwa na sukari katika sufuria moja, pamoja na tangawizi na iliki. Mwingereza humimina maji ya moto juu ya majani ndani ya buli na kutia maziwa kidogo baadaye. Sisi wa Kenya tuliifuata njia ya Mhindi, si ya Mwingereza, ingawa Mwingereza ndiye aliyetutawala. Hili ni jambo la kutazamwa na wale wasemao kwamba desturi hufuata bendera.

Mchai wa kwanza nchini Kenya ulipandwa Limuru mwaka 1903 na Mzungu mmoja aitwaye Caine, kwa mbegu iliyotoka India. Kwa miaka 20 ulikuwa kama ua la bustani. Mnamo 1924 na 1925 makampuni makubwa yalifika Kericho, mahali penye mvua karibu kila mwezi na udongo mwekundu wenye kina, yakaanza kupanda kwa maelfu ya ekari. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wakipsigis walikuwa wamenyang'anywa sehemu kubwa ya nchi yao kabla ya hapo, na mwaka 1934 ilipitishwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wao wa mambo ya ibada, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na homa. Madai yao yamefikishwa hata mbele ya mabaraza ya kimataifa katika karne hii ya 21. Anywaye chai ya Kericho yafaa ajue habari hiyo pia.

Mwafrika mwenyewe alichelewa kuruhusiwa kulima chai. Ilisemwa kwamba atashindwa kuitunza, kwamba ataharibu sifa ya chai ya Kenya. Maombi yalikubaliwa katika miaka ya 1950, na mwaka 1957 kiwanda cha Ragati, katika wilaya ya Nyeri, kikafunguliwa kwa majani ya wakulima wadogo. Mwaka 1964 likaundwa shirika la kuwahudumia wakulima hao. Leo zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka katika mashamba yao madogo, na nchi hii ni miongoni mwa zile ziuzazo chai nyeusi nyingi kuliko zote duniani. Hofu ya kuharibu sifa haikutimia.

Jani bichi halina harufu ya chai. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi moja. Kiwandani majani hunyaushwa kwa upepo, kisha hupitishwa kati ya magurudumu yenye meno ambayo huyaponda, kuyararua na kuyaviringa. Mashine hiyo ilibuniwa Assam mnamo miaka ya 1930. Utomvu wa jani lililopondwa hukutana na hewa, na jani hugeuka kutoka kijani hata rangi ya shaba. Hapo ndipo ladha na rangi zinapozaliwa. Kisha hukaushwa kwa hewa ya moto. Kilo moja ya chai kavu hutaka kilo nne au zaidi kidogo za majani mabichi. Chai ya namna hii ni punje ndogo, hutoa rangi upesi na kwa nguvu, ndiyo sababu hufaa kwa chai ya maziwa kuliko chai ya majani makubwa ya Uchina.

Maziwa hayakuhitaji kuja kutoka mbali. Wamasai, Wakalenjin, Waborana na wengine walikuwa na maziwa kabla ya jani la chai kujulikana. Wakalenjin huyahifadhi katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, nayo hukaa siku nyingi, yakawa mursik. Lakini tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Mtoto wa mfugaji aliyekuwa akinywa kibuyu cha maziwa asubuhi, sasa katika nyumba nyingi hupewa kikombe cha chai chenye maziwa ya kutia rangi tu, na mengine huuzwa. Mwaka 1979 serikali ilianza kugawa maziwa katika shule za msingi, na waliosoma miaka hiyo wangali wanayakumbuka yale maziwa ya pakiti ya pembe tatu kuliko mengi waliyofundishwa.

Sukari ndiyo yenye habari chungu. Muwa ulianza kulimwa katika kisiwa cha New Guinea. Wahindi ndio waliogundua namna ya kuchemsha maji yake hata yakawa chembe, na neno letu "sukari" ni la Kihindi cha kale lililopita kwa Waajemi na Waarabu. Columbus aliuchukua muwa mpaka visiwa vya Amerika mwaka 1493. Kazi ya miwa ni ngumu, nayo haingoji, kwa kuwa muwa uliokatwa huharibika ukikaa. Basi wenye mashamba wakanunua watumwa. Zaidi ya watu milioni 12 walipakiwa merikebuni kutoka Afrika kupelekwa Amerika, na wengi katika hao walikwenda kulima miwa.

Wala tusidhani hayo yalikuwa mambo ya Afrika ya Magharibi tu. Wafaransa walikuwa na mashamba ya kahawa na miwa katika visiwa vya Mauritius na Réunion, katika bahari hii hii yetu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao walitolewa bara, katika nchi za Tanzania, Malawi na Msumbiji za leo. Wakati Mwingereza maskini alipoanza kutia sukari katika chai yake ili apate nguvu ya kufanya kazi, mtu wa Ziwa Nyasa alikuwa akilima Réunion na minyororo.

Katika Kenya, kiwanda cha sukari kilianza kazi Miwani, karibu na Kisumu, mwaka 1922, na kingine Ramisi, pwani, mwaka 1927. Vyote viwili vimefungwa, baada ya kuwalisha watu wengi kwa miaka mingi. Vikubwa vilivyofuata, kama Mumias cha mwaka 1973, navyo vimeona taabu. Mbali na sukari nyeupe, kuna sukari guru, ile ya rangi ya kahawia ipikwayo katika makarai makubwa, ambayo Wahindi waliileta na ambayo wengine huipenda katika uji.

NGANO, NA MEZA YA PWANI

Ngano asili yake ni Mashariki ya Kati, ambako ililimwa yapata miaka 10,000 iliyopita. Waswahili waliijua tangu zamani kwa njia ya majahazi. Bara ilikuja pamoja na Wazungu. Lord Delamere aliijaribu Njoro, kutu ya majani ikaila yote, akaajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu mpaka zikapatikana zinazostahimili. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga, aliyoipa jina la Kiswahili, Unga.

Chapati ni ya Wahindi. Kati ya 1896 na 1901 Wahindi karibu 32,000 waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa mpaka Kisumu. Wengi walirudi kwao, wengine walikufa, na wachache waliobaki, pamoja na wafanya biashara waliowafuata, ndio waliofungua maduka madogo yaliyouza unga, chai na sukari mpaka vijijini. Lakini mgeni akitoka India leo akila chapati ya Kenya atasema hii siyo. Chapati ya kwao hupikwa juu ya chuma kikavu pasipo mafuta. Yetu hukunjwa kwa mafuta, ikakaangwa, ikawa na tabaka. Huko ingeitwa paratha. Tulichukua kitu kimoja tukakipa jina la mwenzake, wala hakuna aliyedhurika.

Pwani wana meza yao, nami nakiri kwamba ndiyo niipendayo kuliko zote. Mahamri na mbaazi za nazi! Kila kitu humo kililetwa na kaskazi, ule upepo upelekao majahazi kutoka Arabuni na India kuja kwetu, kabla ya kusi kuyarudisha. Mbaazi asili yake ni India. Iliki hutoka katika misitu ya milima ya Malabar. Mnazi uliletwa na watu wa bahari kutoka mashariki. Neno "mahamri" lenyewe latoka katika hamira, neno la Kiarabu, na kabla ya hamira ya kopo kupatikana madukani mabibi wa pwani walitumia tembo la mnazi kuuumua unga. Andazi la bara, lile la pembe tatu liuzwalo katika vibanda vya stesheni, ni ndugu yake aliyepoteza nazi na iliki njiani.

Kahawa nitaipita upesi, si kwa dharau, bali kwa sababu Wakenya huilima zaidi kuliko kuinywa. Ilitoka Ethiopia, masufi wa Yemen wakainywa katika karne ya 15 ili wasisinzie katika ibada ya usiku, na mwaka 1893 mapadre wa Kifaransa wakaipanda Bura, katika milima ya Taita. Pwani huuzwa chungu, na tangawizi, katika vikombe vidogo, kutoka katika dele la shaba lenye makaa chini yake.

Limebaki swali moja ambalo akina mama wa mjini huuliza: je, chai na mkate vyamtosha mtoto mdogo? Chai ina kitu kikali kilekile kikaushacho ulimi, nacho huyashika madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na mboga, yasiingie katika damu. Mtu mzima alaye vema hadhuriki sana. Mtoto wa miaka miwili ambaye chakula chake ni haba aweza kupungukiwa na damu. Mkate mweupe nao umetolewa pumba na kiini cha punje, mahali palipo na vitu vingi vya kujenga mwili, ingawa sheria ya Kenya tangu 2012 imevitaka viwanda vitie vitamini na madini katika unga wa ngano na wa mahindi.

Kwa wale waliosahau, uji wa wimbi wa kuchachusha hutengenezwa hivi. Chukua vikombe viwili vya unga wa wimbi, au changanya kimoja cha wimbi na kimoja cha mahindi yasiyokobolewa. Tia maji safi yaliyochemshwa yakapoa, ukoroge mpaka uwe mzito kama rojo. Funika kwa kitambaa safi, uweke mahali penye joto, karibu na jiko, kwa siku moja au mbili, mpaka usikie harufu ya uchachu na kuona mapovu madogo juu. Chemsha maji vikombe sita, umimine rojo polepole huku ukikoroga kwa mwiko ili usifanye madonge, kisha uache uchemke kwa dakika 15. Tia maziwa mwishoni. Rojo kidogo liliobaki chunguni lisitupwe. Likichanganywa na unga mpya, uji wa kesho utachachuka kwa nusu ya muda huo.